Inchi Mbili za Gomesi

S.L.P. 43,
Malaba.
9 Machi 1997

Kwa mtoto wangu Atyang,

Yoga noi. Nakutumia salamu kubwa, ya kuvuka Mlima Elgon na bahari zote mpaka ikufikie hapo Glasgow kwenye baridi yako. Hapa tuko, Mungu hajatuacha. Yule mbuzi mwenye mguu mbovu amezaa mapacha, wote majike. Wimbi shambani limeshika vizuri. Kaburi la baba yako lilikuwa limeota majani, nimeyang'oa kwa mkono wangu mwenyewe. Edris wa duka amewekewa simu, na mke wake Jamirah anasema ukitaka kuongea na mimi upige kwao, namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Lakini utangoja waje waniite, na mimi siku hizi sikimbii kama zamani.

Sasa sikiliza. Barua yako ya Januari niliisoma mbele ya jumuiya yote ya kanisa siku ya Alhamisi, sala ilikuwa kwangu. Nilipofika mahali unaposema, "Mama, nachukua chembe changa za mwili wa mtu, ambazo bado hazijachagua kazi, nazitilia dawa, na zinageuka kuwa mafuta," wanawake walinyamaza kabisa. Nikaona hawajasikia vizuri, nikarudia hapo mara ya pili. Nikawaambia, huyu ndiye yule mliyekuwa mnamwona akienda Amagoro bila viatu kufanya mtihani. Kuna watu watoto wao wako ng'ambo wanafagia. Wangu anapika mafuta ya binadamu kwenye sahani! Mungu anisamehe majivuno, lakini kama ni kweli ni kweli.

Mama Ongodia alikuwepo, na mdomo wake unaujua. Akasema, "Mama Atyang, kama huyo mtoto anajua kutengeneza mafuta, mbona hakutumii kidogo? Wewe umekauka kama omena wa juzi." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikawaongezea chai.

Hiyo usiiweke moyoni. Nina maswali mawili tu. La kwanza, hizo chembe ni za nani? Katekista Olinga aliuliza kama ni za maiti, nikamwambia mtoto wangu hawezi kushika mambo hayo, lakini nipe jibu la kumfunga mdomo. La pili, hiyo dawa inaitwaje? Niandikie jina lake kwa herufi kubwa, macho yangu si mazuri. Nataka tu kujua.

Ni mimi mama yako, mzima kabisa,
Alaso


Glasgow,
2 Aprili 1997

Mama yangu mpendwa,

Barua yako imenikuta na mafua, nikapona kabla sijafika mwisho. Wape mapacha wa mbuzi pole ya kuzaliwa wakati wa kiangazi. Mwambie Jamirah asante, nitapiga simu nikipata nafasi. Hapa jua linaonekana saa mbili kwa siku na watu wanaliita kiangazi.

Mwambie katekista Olinga kwamba chembe si za maiti. Ni za watu wazima wenye afya, walio hai.

Ngoja nikueleze vizuri, maana najua utawasomea. Ndani ya mfupa kuna uboho, ule ambao baba alikuwa anatugombeza tukiunyonya kwa kelele. Katika uboho kuna chembe changa ambazo bado hazijachagua. Chembe moja inaweza kuwa mfupa, au inaweza kuwa mafuta. Kuwa vyote viwili haiwezi. Mimi naziweka kwenye sahani ndogo za plastiki, ndani ya kabati lenye joto kama la mwili, halafu nazilisha dawa. Baada ya wiki tatu naziangalia kwa hadubini. Zilizochagua mafuta zinakuwa na vitone vinavyong'aa, nikizitia rangi vinakuwa vyekundu kama nyanya. Kazi yangu ni kujua ni dawa gani inaisukuma chembe upande gani, na kwa nguvu gani.

Dawa uliyouliza inaitwa DEKSAMETHASONI. Haifanyi kazi peke yake, naichanganya na nyingine tatu, lakini hiyo ndiyo kiongozi wao. Ni kitu kidogo sana, Mama, kidogo kiasi cha kupenya mpaka ndani ya chembe na kuipa amri.

Unakula vizuri? Hukusema.

Binti yako,
Atyang


S.L.P. 43,
Malaba.
22 Juni 1997

Mtoto wangu Atyang, mwalimu wa chembe,

Nakusalimu nikiwa nimekaa kwenye kiti cha baba yako, na kiti kinalia, maana mama yako sasa ni mzito! Mapacha wa mbuzi wameanza kula majani. Mahindi ya kule chini yamepata funza, lakini ya juu ni mazuri. Jamirah amejifungua mvulana, wamemwita Mujib kama fundi wa cherehani, ambaye ni mjomba wake.

Barua yako imesomwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Ile habari ya mfupa na mafuta nimeisoma jumuiya, nimeisoma kwa akina mama wa soko, hata mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliniomba nimwandikie lile jina la dawa kwenye kitabu chake. Nikamwandikia kwa herufi kubwa, kama ulivyonifanyia.

Atyang, ungeniona! Nimenona. Mashavu yamejaa, shingo imejaa, ile nguo ya bluu haiingii tena. Jumapili nilipita mbele ya Mama Ongodia polepole, nikarudi nikapita tena. Akasema, "Kumbe yule mtoto anakumbuka nyumbani." Nikamjibu, "Alikuwa amesahau lini?" Hiyo ilinishibisha kuliko ugali.

Usiulize nimefanyaje. Mtu akitafuta njia anapata.

Mwezi wa Desemba, tarehe ishirini na saba, tutamjengea baba yako kaburi la simiti na kufanya misa ya kumbukumbu. Ukoo wote wa Omagor utakuja, wa huku na wa ng'ambo ya mpaka. Wale waliosema maneno yao alipokufa watakuja pia, na wataniona. Nataka kushona gomesi mpya.

Hujaniambia chembe ni za nani. Umesema watu wazima wenye afya. Nimeuliza jina, sikuuliza afya.

Mama yako mwenye mwili,
Alaso


Glasgow,
3 Agosti 1997

Mama mpendwa,

Nisamehe, barua hii ni fupi. Kabati la joto liliingia uchafu, sahani za miezi miwili zikaoza zote, nimeanza upya. Hongera kwa Jamirah na Mujib mdogo.

Nimefurahi kwamba umepata mwili. Tangu baba afariki nimekuwa nikiota ndoto ukiwa umekonda. Ni nini unakula? Nitumie picha, niibandike juu ya meza yangu ya kazi.

Habari ya chembe ni za nani, nitakwambia siku moja tukiwa tumekaa.

Atyang wako


S.L.P. 43,
Malaba.
5 Oktoba 1997

Mtoto wangu,

Pokea salamu na pole ya sahani zako. Hata mimi maziwa yakiganda vibaya nalia. Huku mvua imeanza na si mvua ya kawaida, redio inaiita El Ninyo, kana kwamba ni mgeni aliyealikwa. Choo cha shule kimeanguka. Simu ya Edris ikilia inasikika kama mtu anaoga.

Picha hiyo hapo ndani. Nilisafiri mpaka Busia, kwenye studio yenye pazia la maporomoko ya maji, mji ule ule nilikonunua kitambaa cha gomesi mwezi wa saba, cha rangi ya zambarau chenye maua ya dhahabu. Angalia huo uso! Mpiga picha alisema, "Mama, uso wako umejaa fremu yote." Ibandike juu kabisa, wazungu wakuulize ni nani.

Lakini nimekosana na fundi Mujib. Alinipima mwezi wa saba, akashona pindo vizuri, likagusa kisigino kama inavyotakiwa. Nimeivaa Jumapili iliyopita, inaburuta chini! Inafagia tope kama ufagio. Nikamrudishia. Akaipima nguo, akasema, "Mama, tepu yangu haidanganyi, kipimo ni kile kile cha Julai." Nikamwambia, "Basi wewe ndiye unadanganya." Akaapa kwa Mungu. Nimemwambia sirudi kwake mpaka aombe msamaha, na yeye amesema atakata pindo nikikubali makosa si yake. Tumefikia hapo.

Mgongo unanisumbua kidogo, ni kwa sababu ya palizi. Siku moja nilikohoa nikasikia kitu kama kijiti kikivunjika, lakini kilipoa. Miguu imekuwa myembamba wakati tumbo linakua, nafikiri mafuta hayajajua njia ya kushuka. Nikigonga mkono kidogo tu unakuwa mweusi. Nakunywa maji sana. Hayo ni ya uzee, usiyaandike popote.

Desemba inakuja. Nitasimama karibu na kaburi na gomesi ya zambarau, na atakayesema tena kwamba nyumba ya Omagor iliingia ule ugonjwa wa kukondesha, aseme akiniangalia.

Mama yako,
Alaso


Glasgow,
24 Oktoba 1997

Mama,

Salamu kwa wote. Nimepokea picha leo asubuhi na sikuibandika. Nimeketi nayo mpaka sasa.

Unameza nini?

Uso ule naujua. Uko kwenye vitabu vya madaktari hapa. Uso wa mviringo, nyama nyuma ya shingo, tumbo kubwa, miguu myembamba, ngozi inayopata weusi kwa kuguswa. Mama, kama ni vidonge vya jina nililokuandikia mwezi wa Aprili, acha. Acha leo hii, usimeze hata kimoja tena. Vitupe.

Na fundi Mujib hakukosea. Umuombe radhi. Gomesi haikurefuka, wewe ndiye umefupika. Dawa ile inaziambia chembe za uboho ziwe mafuta, na zikiwa mafuta haziwi mfupa. Mifupa ya mgongo wako imekosa wa kuijenga, imebonyea moja juu ya nyingine. Kile kijiti ulichosikia kikivunjika kilikuwa ndani yako.

Acha mara moja. Nakuomba.

Atyang


Glasgow,
29 Oktoba 1997

(Nyuma ya bahasha, kwa wino mwekundu: YEYOTE ATAKAYEPOKEA BARUA HII NA AIFUNGUE.)

Mama,

Safari hii sisalimii. Nimekosea.

Nilikuandikia siku tano zilizopita uache dawa mara moja. Jana nimemwonyesha picha yako daktari mmoja wa hospitali ya hapa. Aliponisikia nimekuambia nini aliweka kikombe chini. Mama, mimi najua chembe kwenye sahani, sijui mtu mzima aliyelala kitandani. Mwili ukipewa dawa hii miezi mingi, unaacha kutengeneza ya kwake. Ukiikata ghafla, unabaki bila yoyote. Mtu anaishiwa nguvu, anatapika, presha inashuka, anaweza kufa.

USIACHE GHAFLA. Kama umeacha, meza leo. Nenda Kocholia hospitali, na barua hii mkononi, umwonyeshe daktari mstari unaofuata: mgonjwa huyu ametumia deksamethasoni kila siku kwa miezi mingi, ipunguzwe polepole chini ya daktari, na akizidiwa apewe sindano ya dawa ya aina hiyo hiyo bila kungoja.

Nimepiga simu kwa Edris mara kumi na moja. Haiingii. Nimekwenda kutuma telegramu, karani amesema nyaya zimekatika huko kwa mafuriko, hawezi kunihakikishia. Kwa hiyo karatasi hii ndiyo miguu yangu. Naomba iipite ile nyingine njiani.

Atyang


Glasgow,
14 Desemba 1997

Mama yangu,

Sijapata neno tangu ile picha. Leo ni siku ya sabini toka uandike barua yako ya mwisho. Nimemwandikia na katekista Olinga, na yeye kimya. Kwenye televisheni huku walionyesha lori limezama mpaka dirishani, wakasema ni Kenya, hawakusema wapi. Nilisogea mpaka kwenye kioo nione kama ni barabara yetu.

Nakwenda kazini kama kawaida. Nafungua kabati, natazama sahani. Mimi ndiye niliyekuandikia lile jina. Kwa herufi kubwa.

Uliuliza mara mbili chembe ni za nani, nikakupa majibu ya mkato. Nitakwambia sasa, maana nimeogopa kwamba sitapata siku ya kukaa nawe. Ni zangu. Walitafuta watu wenye afya wa kujitolea, nikalala kifudifudi, wakaingiza sindano kwenye nyonga yangu wakatoa uboho. Sahani zina namba tu, bila jina, lakini namba yangu naijua. Sikukuambia kwa sababu nilijua utasema nimewapa wazungu mifupa niliyoijenga kwa chakula chako. Wakati ule ningekubishia.

Kama unasoma hii, niandikie hata neno moja. Kama ni Jamirah anayesoma, niandikie wewe.

Atyang


S.L.P. 43,
Malaba.

(Karatasi ya kwanza)

20 Novemba 1997

Mtoto wangu Atyang,

Salamu nyingi. Mvua bado. Barua yako ya Oktoba imefika juzi, gari la posta lilikaa Bungoma wiki mbili likingoja barabara. Imeandikwa acha leo hii, na mimi nimeacha siku ile ile. Nilikwenda chooni na chupa yote, nikamwaga. Kwa sababu wewe ndiye unayejua. Mtu akiwa na daktari wa chembe ndani ya nyumba halafu asimsikilize, huyo ni mjinga.

Sasa nikueleze, usikasirike. Kuna mwanamke anatoka ng'ambo ya mpaka na kikapu, sabuni juu, dawa chini. Nilimwonyesha jina lako. Akasema, "Mama, hii ndiyo wanawake wote wanatafuta, lakini wanaiita vidonge vya mashavu." Nikameza. Vitatu asubuhi, vitatu jioni.

Atyang, wewe huko hujui. Mtoto akiwa ng'ambo, mwili wa mama ndiyo barua ambayo kila mtu anaisoma. Nikikonda, wanasoma kwamba umenitupa. Na tena nikikonda, wanasoma la pili, lile walilosema kwa baba yako. Baba yako alikufa kwa ini. Mimi ndiye niliyemuosha, mimi najua. Lakini alikonda, na hapa kwetu mpakani ukikonda huna ugonjwa mwingine. Nilikuwa nimechoka kueleza. Nikasema, wacha mashavu yaeleze.

Leo sijisikii vizuri. Nimetapika chai. Mkono unakuwa mzito, ona maandishi yanavyoshuka. Nitamaliza kesho nikiwa na


(Karatasi ya pili)

18 Januari 1998

Atyang, mtoto wa mifupa yangu,

Yoga noi, yoga noi. Ndiyo, ni mimi. Usilie, au lia kidogo halafu uendelee kusoma. Simu ya Edris bado imekufa, gari la posta halikupita tena mpaka juzi, na mkono wangu ndiyo kwanza umeweza kalamu.

Hiyo karatasi ya juu niliiacha hapo hapo ilipokatika. Nimeona nisiitupe, nikutumie vile ilivyo. Kesho yake sikuamka. Nilikuwa nasikia watu wakiongea lakini mwili haukuwa wangu. Walinipeleka kliniki moja hapa karibu, wakasema ni malaria, wakanitundikia maji, nikarudi nyumbani nikazidi. Katekista Olinga alileta padre na mafuta ya wagonjwa. Namkumbuka akinipaka, na mimi nikifikiria gomesi haijakatwa pindo.

Tarehe ishirini na saba ya Novemba gari la posta likapita tena. Jamirah alikwenda kuniangalizia sanduku. Akaona wino mwekundu. Anasema alifungua palepale kwenye ngazi za posta, akasoma, akaanza kukimbia na mtoto mgongoni. Alifika akasema, "Mama Atyang, hutakufa, mtoto wako amekataza!" Daraja lilikuwa chini ya maji, magari hayapiti. Edris akaita boda boda wawili. Mmoja alinibeba mimi kwenye baiskeli, wakanifunga kwake kwa leso mbili kama mtoto mchanga. Wa pili alibeba Jamirah na barua yako ndani ya mfuko wa nailoni. Tukazunguka na njia ya Angurai. Kila shimo mgongo ulilia, na yule kijana akasema, "Mama, vumilia, hata mimi mgongo wangu unalia." Hapo nilicheka, ndipo Jamirah akajua bado nipo.

Kocholia, daktari alisoma mstari wako mara moja tu. Hakuuliza mengi. Akanidunga sindano. Jioni nilikula uji. Kesho yake niliomba kitana.

Nimelala huko wiki tatu. Wakanipigia picha ya mgongo. Daktari akaniwekea kwenye mwanga, akaonyesha mifupa mitatu iliyobonyea kama mikebe ya blubandi iliyokaliwa. Nikamwambia, "Hiyo mtoto wangu alishaiona, akiwa Glasgow, kwa kusoma habari ya pindo tu." Hakuamini. Nikamtolea barua.

Sasa nameza kidogo kidogo kwa karatasi ya daktari, kila wiki mbili anapunguza. Mashavu yameondoka. Nimekonda, Atyang, kuliko ile Machi.

Kaburi la baba yako tulijenga tarehe ile ile ya Desemba. Watu walikuja, matope yakaja nao. Nilikaa kwenye kiti, sikuweza kusimama misa yote. Nikaona wananiangalia, wananong'ona. Misa ikaisha, katekista akauliza kama familia ina neno. Nikasimama, nikashika msalaba wa simiti ambao haujakauka vizuri, alama ya vidole vyangu iko hapo mpaka sasa.

Nikawaambia, "Mimi ndiye niliyewasomea jina la dawa. Na ninajua siko peke yangu, maana mashavu yangu nayaona kwenye nyuso zenu." Nikasema, "Barua ya kwanza ilisema acha, na mimi niliacha, karibu mnizike hapa na Omagor. Ya pili ndiyo ya kushika. Msiache leo. Msiache kesho. Jumatatu naenda Kocholia, atakayetaka tutakwenda pamoja." Halafu nikaisoma yote, mpaka pale unapoandika, nimekosea. Hapo nikarudia mara mbili, kama ninavyofanya.

Mjomba wako alinivuta akaniambia, "Shemeji, hiyo ya mtoto kukosea ungeiruka." Nikamwambia, siiruki! Watu wengi wamesoma hapa duniani, lakini aliyekosea akaandika kwa wino mwekundu nyuma ya bahasha, yeyote aifungue asome, nionyeshe mwingine.

Jumatatu tulikuwa saba. Wa saba alikuja mwisho kabisa, kajifunika leso mpaka puani. Mama Ongodia. Yeye amemeza tangu Mei. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane. Akasema, "Mama Atyang, mtoto wangu hajaandika miaka mitatu. Nilitaka tu watu wafikirie anaandika." Nilimshika mkono, ulikuwa mweusi mweusi kama wangu.

Na ile habari yako ya sindano kwenye nyonga. Barua ya Desemba nimeisoma peke yangu, hiyo sikuipeleka jumuiya. Nilikaa nayo jikoni. Kwanza nilikasirika sana. Baadaye nikafikiri, mfupa huo niliujenga mimi, kwa wimbi na maziwa ya ng'ombe yule mweusi. Basi miezi yote uliyokuwa unaangalia sahani, na mimi nilikuwa hapo ndani. Dawa ile ile, mimi huku, wewe huko. Lakini usitoe tena. Huo ulio nao bakisha.

Fundi Mujib nilimwomba radhi mbele ya duka lake. Akanipima upya, polepole. Alikata inchi mbili na robo. Gomesi inagusa kisigino tena, nitaivaa hivyo. Kile kipande alichokata alinipa mkononi akasema, "Mama, kiweke." Mimi nakutumia wewe, kiko ndani ya bahasha hii. Ukibandike juu ya meza mahali pa ile picha. Usikiangalie kwa kujilaumu, nakukataza. Ni kipimo. Mujib anasema fundi hafanyi kazi bila kipimo.

Daktari anasema mfupa ukishabonyea haunyanyuki. Nimemsikia. Lakini wewe umesema chembe inaweza kuchagua. Kwa hiyo siku utakayoona sahani moja, hata moja tu, imepewa nafasi ya mafuta ikachagua mfupa, niandikie hiyo siku hiyo hiyo. Nitaisoma mbele ya jumuiya, nikiwa nimekaa.

Ila jina la dawa usiandike.

Ni mimi mama yako, mfupi, mwembamba, na bado nipo,
Alaso